Kasha la chuma, la plastiki, kizimba au chumba cha mawe: uhifadhi mtambo wako wapi Nairobi?

Ukienda kutafuta kasha la paneli ya pampu (bodi ya swichi zinazoiendesha) au la inveta ya sola (kifaa kinachogeuza umeme wa sola kuwa wa kutumika nyumbani), iwe ni kwenye maduka ya Luthuli na River Road au kwa wauzaji wa Industrial Area, utaulizwa vipimo, kisha mtaanza kuvutana bei. Ni nadra kuulizwa kasha litakaa wapi na ndani yake kutakuwa na nini. Nami nashikilia kwamba hapo ndipo pa kuanzia. Kasha linaloweza kukaa miaka na miaka kwenye ngazi za fleti kule Kileleshwa laweza kuunguza inveta ndani ya msimu mmoja wa jua likifungwa kwenye ukuta unaotazama magharibi kule Utawala. Kasha ni lile lile na fundi ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali na mzigo.

Mitambo ya hapa kwetu huuawa na mambo manne: joto inalolizalisha yenyewe, maji, vumbi pamoja na wadudu, na mikono ya watu. Hakuna kasha linalozuia yote manne kwa kiwango kimoja. Lililofungwa kabisa huzuia vumbi lakini hulifungia joto ndani. Lenye matundu hutoa joto, na kupitia matundu hayo hayo mijusi huingia. La chuma humchelewesha mwizi na papo hapo humtamanisha, maana chuma chenyewe kina soko. Hapa nalinganisha chaguo tano ambazo mtu wa Nairobi anaweza kuzipata bila kuagiza ng'ambo: kasha la chuma lililopakwa rangi, kasha la chuma cha pua, kasha la plastiki au faibaglasi, kizimba cha vyuma chenye paa la mabati, na chumba cha mawe. Naanza na joto kwa kuwa ndilo linalopuuzwa kuliko yote.

Joto: hesabu ambayo duka halikufanyii

Chukua inveta ya kilowati 5. Hata ikiwa na ufanisi wa asilimia 95, ikibeba mzigo wote hutoa takriban wati 250 za joto. Tuseme umeifungia ndani ya kasha la chuma lisilo na tundu, lenye urefu wa milimita 800, upana 600 na kina 300, likiwa limebanwa ukutani. Kwa kanuni wanayotumia wabunifu wa paneli, kasha hilo lina eneo la kutolea joto la karibu mita mraba 1.36. Bati la chuma lililopakwa rangi hutoa kama wati 5.5 kwa kila mita mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ukigawanya, ndani kutakuwa na nyuzi 33 zaidi ya nje. Siku ya nyuzi 25, ndani ni 58. Kasha la plastiki la vipimo hivyo hivyo hutoa kama wati 3.5 tu, kwa hiyo ndani yake hufika karibu nyuzi 78.

Inveta nyingi huanza kujipunguzia nguvu zikifika nyuzi 45 hivi. Betri za lithiamu nazo kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikishapita kiwango hicho. Na hesabu hiyo ni ya kivulini. Uso wa kasha wenye nusu mita mraba ukitazama jua la alasiri hupokea wati mia kadhaa nyingine, kiasi kinachoweza kushinda hata joto la inveta yenyewe. Rangi nyeusi au kijivu iliyokoza huzinywa karibu zote, wakati nyeupe hurudisha sehemu kubwa.

Kuna jambo lingine la Nairobi lenyewe. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hadi 20. Feni ile ile ikizunguka kwa kasi ile ile hubeba joto pungufu huku juu. Mota nyingi za umeme hupimwa kwa matumizi ya hadi mita 1,000, na swichi nyingi za volteji ya chini kwa hadi mita 2,000. Mtu wa Nairobi ameshavuka kikomo cha kwanza, na jirani yake wa Limuru amevuka cha pili pia.

Sasa linganisha inveta hiyo na paneli ya kawaida ya pampu ya kisima, yenye kontakta (swichi ya kuwashia mota), brekari, kinga ya kuzidiwa mzigo na kifaa cha kukata umeme fezi moja inapopotea. Yote kwa pamoja hutoa kama wati 30. Ukiitia katika kasha lile lile la chuma, ndani kutapanda nyuzi 4 tu. Hiyo ifungie kabisa bila wasiwasi wowote. Ndiyo maana siwezi kujibu swali la kasha lipi ni zuri kabla ya kujua kinachoingia ndani.

Na kwa inveta, angalia kwanza maandishi ubavuni mwake. Ikiwa imeandikwa IP65 (alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji, nitaifafanua hapa chini), basi mtengenezaji ameshaivika kasha, na mapezi yake ya kupozea yanataka hewa ipite. Kuitia ndani ya sanduku la pili ni kuinyima pumzi. Inachohitaji ni kivuli, ukuta usiopigwa na jua la alasiri, na kizimba cha kumzuia mwizi. Ikiwa ni IP20 au IP21, hiyo ni ya ndani ya nyumba, na mahali pake ni chumba chenye hewa, si sanduku la nje.

Namba za IP, na zisichokuambia

Alama ya IP inatokana na kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Tarakimu ya kwanza, hadi 6, inahusu vitu vigumu na vumbi. Ya pili inahusu maji. IP54 huzuia vumbi lenye madhara na maji ya kurushwa. IP55 huvumilia maji ya mpira wenye mdomo wa milimita 6.3, lita 12.5 kwa dakika. IP66 haiingizi vumbi hata chembe na huvumilia lita 100 kwa dakika. IP67 ni ya kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30.

Watu wengi hudhani IP67 inazishinda zote zilizo chini yake. Sivyo. Kasha lililopimwa kwa kuzamishwa halijathibitishwa dhidi ya maji ya kasi, isipokuwa mtengenezaji ameandika alama zote mbili. Ukiosha magari na mpira wa maji unapiga kwenye kasha, tafuta IP66.

Kuna alama nyingine ambayo wauzaji hawaitaji sana, nayo ni IK, ya kupimia kipigo. Inayotajwa sana ni IK10, ambayo ni sawa na uzito wa kilo 5 kuangushwa kutoka sentimita 40. Kasha lililo kwenye maegesho ya ploti, mahali watoto wanapochezea mpira na pikipiki za kuleta gesi zinapogeuzia, linahitaji IK kuliko linavyohitaji IP kubwa. Kwenye vifaa vya Marekani utakuta alama ya NEMA na namba kama 3R, 4 au 4X. Hicho ni chama cha watengenezaji vifaa vya umeme cha huko, si mamlaka yetu ya mazingira. 3R ni ya mvua, 4 ni ya maji ya mpira, na 4X huongeza kinga dhidi ya kutu.

Yote hayo hupimwa kasha likiwa jinsi lilivyotoka kiwandani. Fundi akishatoboa tundu la juu kupitisha nyaya bila glandi (kifaa cha kubana kebo na kuziba tundu lake), umebaki na sanduku la kawaida lenye kibandiko cha IP66. Nyaya ziingie kwa chini, kila moja na glandi ya kipimo chake, na tundu lisilotumika lizibwe kwa kizibo chake. Silikoni si mbadala wa glandi, kwani kebo ikivutwa mara moja huachia.

Kasha lililobanwa vizuri nalo lina ugonjwa wake, ambao ni jasho. Mchana wa Aprili kasha linapata moto, saa kumi jioni mvua inalishukia ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta unyevu kupitia mpira wa mlango. Unyevu huo hautoki tena. Baada ya wiki chache utaona kutu kwenye skrubu za ndani, ingawa hakuna tone lililoingia kwa kuonekana. Dawa yake ni kizibo cha kupumulia kinachowekwa chini ya kasha, ambacho huachia maji na hewa bila kuingiza vumbi. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na ningekitaka kwenye kila kasha la nje.

Chuma cha kawaida na chuma cha pua

Kwa paneli nyingi za Nairobi, kasha la chuma cha kawaida lililopakwa rangi ya unga na kuokwa tanurini linatosha. Hatuna upepo wa chumvi kama wa Pwani. Mkwaruzo mdogo usiofika kwenye chuma hautakuletea kutu upesi, na ukifika, unaupiga msasa na kuupaka rangi. Wauzaji husukuma chuma cha pua kana kwamba ni daraja la juu la kila kitu, lakini kwenye ukumbi wa fleti au chumba cha pampu kilichokauka, fedha hiyo ya ziada ningeinunulia kinga bora ya radi na brekari nzuri.

Chuma cha pua kina pale kinapostahili: jikoni za hoteli, viwanda vya maziwa, machinjio, mahali popote panapooshwa kila siku kwa sabuni kali. Tahadhari ni klorini. Kwenye chumba cha pampu za bwawa la kuogelea, kama zilivyo nyingi Karen na Lavington, chuma cha pua cha daraja la 304 huanza kufanya madoa ya kahawia na vijitundu. Daraja la 316 huvumilia zaidi, ila hapo mimi ningeenda plastiki moja kwa moja.

Je, ununue la kiwandani au uchongeshe? Mafundi wa Jua Kali wa Kamukunji, na wengine walio pembezoni mwa barabara kuu za mitaa yetu, wanaweza kukutengenezea kasha la kipimo chochote, na hilo ni jambo kubwa. Paneli za zamani zina maumbo ambayo hakuna duka linalouza. Kasha la kuchongwa pia ni rahisi kurekebisha, na ukitaka mlango uhamie upande wa pili, kesho yake umehamia. Lakini halijapimwa na mtu yeyote, kwa hiyo mpimaji ni wewe. Taka bati la geji 16, ambalo ni karibu milimita 1.5, badala ya geji 18 linalopinda mlango ukiwa mpana. Angalia ukingo wa fremu: unatakiwa uwe umekunjwa kuelekea nje kama mfereji, ili maji yateremke pembeni kabla ya kuufikia mpira. Kasha ambalo mlango wake umelala tu juu ya fremu bapa litavuja hata likipakwa rangi mara tatu. Mpira nao uwe wa kipande kimoja kilichozunguka, usiwe sponji ya kubandika iliyoacha pengo kwenye kona.

Kasha lolote la chuma ni lazima liwe na ethi (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini), na mlango uwe na waya wake wa ethi unaouunganisha na mwili, kwa maana bawaba iliyopakwa rangi haipitishi umeme kwa uhakika. Kwenye mfumo wetu wa volti 240, na 415 kwa fezi tatu, waya uliochubuka ukigusa mlango usio na ethi, anayefuata ni karetaka atakapokuja kuwasha pampu alfajiri. Hapo sina mjadala.

Plastiki na faibaglasi

Sifa ya kwanza ya plastiki ni usalama: haipitishi umeme, kwa hiyo waya ukilegea mtu wa nje haguswi nao. Ya pili ni kwamba haina kutu. Ya tatu inazidi kuwa muhimu sasa hivi, nayo ni mawimbi ya simu. Pampu nyingi za siku hizi zina kifaa chenye laini ya simu kinachomtumia mwenye ploti ujumbe tangi likijaa au fezi ikipotea. Ndani ya kasha la chuma kifaa hicho hakipati mtandao mpaka antena itolewe nje, na hapo umeongeza tundu jingine. Ndani ya plastiki kinafanya kazi bila taabu.

Ya nne ni mwizi wa skrapu. Januari 2022 minara ya laini kubwa ya umeme ilianguka baada ya kung'olewa vyuma vyake, nchi ikakosa stima, na Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Biashara hiyo ilirudi, na mlango wa chuma ulio barabarani bado una mnunuzi. Faibaglasi haina. Kwa kasha la mita au la taa lililo nje ya ukuta wa ua, hilo pekee linatosha kuniamulia.

Udhaifu uko kwenye jua. Tuko nyuzi moja na ushei tu kusini mwa Ikweta, na mwinuko wetu unafanya miale iwe mikali. Plastiki ya ABS ikikaa nje hugeuka manjano kisha huwa kama ganda la yai, na ukikaza glandi inapasuka. Ya nje iwe polikaboneti yenye kinga ya jua, au faibaglasi. Faibaglasi nayo baada ya miaka mingi juani huanza kutoa nyuzi zake juu ya uso, na huhitaji kupakwa upya. Ikitobolewa hutoa vumbi la kuwasha, kwa hiyo fundi avae barakoa. Uliza pia kama plastiki hiyo hujizima yenyewe ikishika moto, kwa sababu za bei rahisi huendelea kuwaka. Panya wanaweza kuguguna plastiki nyembamba ikiwa nyaya za ndani zina joto zuri la kulalia, na kwenye masoko ya nafaka ningechagua chuma.

Kwa ufupi, ulinganisho unakaa hivi:

| Chaguo | Joto ndani | Mvua na vumbi | Wizi | Marekebisho |
|---|---|---|---|---|
| Chuma cha rangi | Hutoa kiasi | Nzuri, mpira ukiwa mzima | Kigumu, ila kina soko | Rahisi, kila mtaa |
| Chuma cha pua | Hutoa kidogo kuliko chuma cha rangi | Nzuri sana | Kina soko zaidi | Kinahitaji fundi maalumu |
| Plastiki na faibaglasi | Huhifadhi joto | Nzuri sana | Hakina soko, ila huvunjika | Hubadilishwa chote |
| Kizimba | Hewa huru | Paa tu | Kigumu kikifungwa vizuri | Rahisi sana |
| Chumba cha mawe | Inategemea madirisha | Nzuri, isipokuwa mafuriko | Bora kuliko vyote | Ghali kubadilisha |

Kizimba: kwa vitu vinavyozunguka

Pampu ya kusukuma maji ghorofani haihitaji kasha. Mota zake nyingi zimefungwa tayari kwa IP55 na zina feni ya nyuma inayohitaji hewa. Kinachohitajika ni paa la mabati, kizimba cha nondo au wavu wa chuma, na kufuli. Paneli yake ndiyo iingie kwenye kasha, lililofungwa ndani ya kizimba hicho hicho. Mpangilio huo wa kasha dogo ndani ya kizimba ndio ninaoupendekeza kuliko mwingine wowote kwa ploti za Pipeline, Donholm au Kasarani, maana kila kifaa kinapata kinga kinayoihitaji na hakilipii kinga ya jirani yake.

Palipo na mkanda, puli au kiungio cha shafti, kizimba cha nje hakitoshi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu zinazozunguka zikingwe. Kinga hiyo iwe karibu na mkanda wenyewe, wavu wake ukiwa na matundu ambayo kidole hakipiti. Kwenye posho mill nyingi mkanda mrefu uko wazi na akina mama wamepanga foleni hatua mbili tu kutoka hapo, leso na shuka zikipeperuka. Kifuniko cha mkanda ni kazi ya siku moja kwa mchomeleaji, na katika yote niliyoandika humu hakuna kitu cha bei nafuu kinachookoa zaidi.

Tatizo la vizimba vingi ni kwamba hujengwa na mtu asiyewaza siku ya matengenezo. Kizimba cha kichwa cha kisima kiwe na paa linalotoka, kwa sababu mabomba ya chuma huvutwa juu yakiwa na urefu wa mita 6 kila moja. Nimeona, kule Ruai, kizimba kikikatwa kwa gesi ili pampu itolewe, kisha kikabaki wazi. Upande mmoja ufungwe kwa bolti ambazo vichwa vyake viko ndani, na mlango uwe mpana wa kutosha kupitisha mota nzima pamoja na mtu anayeibeba.

Jenereta: kava lake au chumba?

Jenereta inayokuja na kava lake la kupunguza sauti ni chaguo salama kwa wengi, kwa kuwa njia ya hewa imeshahesabiwa. Ukijenga chumba, hesabu ni yako. Mafundi wazoefu huacha tundu la kuingiza hewa lenye ukubwa wa mara moja na nusu ya uso wa rejeta inayopoza injini, na lile la kutoa hewa ya moto liwe kubwa kuliko rejeta yenyewe, pasipo ukuta wa kuirudisha hewa hiyo ndani. Bomba la moshi litoke nje kabisa, mbali na madirisha ya wapangaji. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi na huua waliolala. Jenereta haiwekwi ndani ya chumba kilichoungana na nyumba, wala kwenye veranda iliyozibwa, hata kwa usiku mmoja wa stima kupotea.

Kelele zina sheria. Kanuni za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha nje kwenye maeneo ya makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku. Watengenezaji huandika kelele ikiwa imepimwa mita 7 kutoka kwenye jenereta. Ikiwa imeandikwa 70, mahali pa wazi hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapozidishwa maradufu: 64 kwenye mita 14, 58 kwenye mita 28. Kwa viwanja vyetu vya futi 50 kwa 100, kava peke yake halikufikishi kwenye kikomo cha usiku, na hapo ukuta wa mawe kati ya jenereta na jirani huwa na maana kubwa.

Chumba cha mawe, na maji ya chini

Hakuna kinachomshinda mwizi kama mawe ya Ndarugo na mlango wa chuma. Chumba pia ndicho kinachofaa betri na inveta za IP20: madirisha ya wavu mawili, moja chini upande wa kivuli na lingine juu upande wa pili, hewa ya moto ikapanda na kutoka yenyewe. Wavu uwe mwembamba, maana mjusi mmoja akigusa fezi mbili anatosha kuzima jengo, na sisimizi hupenda kuweka kiota ndani ya kontakta.

Hofu yangu kwa vyumba hivi ni sakafu. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilijaza maji Mathare, Mukuru, South C na hadi Athi River, na chumba cha pampu cha chini ya jengo ndicho hujaa kwanza. Alama ya IP67 haikusaidii hapo: ni mita 1 kwa nusu saa, nayo mafuriko hukaa siku. Paneli ipandishwe juu ya kiwango ambacho maji yamewahi kufika, ikibidi ghorofa ya kwanza, pampu ibaki chini kwenye msingi wa zege ulioinuliwa. Bomba la kutolea maji sakafuni liwe na vali ya kuzuia maji yasirudi. Na palipo na udongo mweusi, kama Embakasi, Syokimau na Kitengela, msingi wa kina kifupi hupanda na kushuka na misimu. Chumba kikipasuka, bomba na kebo zilizopita kwenye ukuta hukatwa nacho, kwa hiyo ziache na ulegevu kidogo pale zinapoingia.

Kabla ya kulipa salio

Kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, na leseni yenyewe uione. Kisha pima. Funga mlango wa kasha juu ya kipande cha karatasi, uvute karatasi hiyo. Ikitoka bila kukwama, mpira haujabana hapo. Rudia kila upande na kila kona. Usiku, weka tochi inayowaka ndani, funga, zima taa za nje, utazame mwanga unakotoka. Mwambie fundi apime ethi kati ya mlango na mwili wa kasha mbele yako. Kitasa kikiwa cha ufunguo wa pembetatu, jua kwamba ufunguo huo unauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, ongeza kufuli.

Mwisho pima joto. Tundika kipimajoto ndani ya kasha, funga mlango, weka mzigo wote kuanzia saa saba hadi saa kumi mchana siku ya jua, kisha usome. Ikiwa ni kontakta na brekari tu, nyuzi 40 hazina neno. Ikiwa kuna inveta au betri na kipimo kimepita 45, salio libaki mfukoni mwako mpaka fundi aongeze kivuli, matundu ya hewa au kasha kubwa zaidi, kisha mpime tena.